Mnyama Anayepika

Kifuniko cha birika kilianza kugonga kabla ya mapambazuko, tiki, tiki, tiki, kisha kikanyamaza ghafla. Tusekile alitabasamu gizani. Mumewe, Lugano, alikuwa amekishika kwa kitambaa ili mlio usimwamshe. Ndivyo alivyofanya kila siku ya safari: anaamka wa kwanza, anachemsha chai ya wawili, anazuia kifuniko kisipige kelele. Hakuwahi kuambiwa ahsante kwa jambo hilo, wala hakuonekana kuingoja.

Kelele iliyofuata haikuzuilika kwa kitambaa. Lori la Lugano, lenye matela mawili, liliwaka lenyewe uani na kunguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Lilikuwa limesimama chini kabisa ya kamba ya nguo. Mwanamke wa zama za nyuma angetoka mbio kuanua mashuka. Tusekile hakujisumbua. Mashuka yake yalikuwa meupe, na yangebaki meupe, kwa sababu bomba la lori lile, ingawa injini ilichoma dizeli kama malori ya babu yake, lilitoa pumzi isiyo na rangi wala harufu.

Kazi hiyo ilifanywa na kimezamoshi, chombo chenye ukubwa wa pipa kilichofungwa kati ya injini na bomba. Ndani yake mlikuwa na sega la kauri lenye vijitundu vidogo mno kuliko vya sega la nyuki. Moshi uliingia mweusi, masizi yakanasa kwenye kuta za vijitundu, dawa ya urea ikazima gesi kali iliyobaki, na hewa ikatoka safi. Ila masizi hayaendi mbinguni. Sega likijaa, lilipaswa kuchomwa kwa moto mkali, na kwa muda huo bomba lilipuliza upepo wa moto na jivu laini kuliko unga. Mainjinia waliita tendo hilo kujisafisha. Wachunga-lori, yaani watu kama Lugano wanaokaa ndani ya malori yanayojiendesha ili mizigo isiibwe, waliliita kutapika.

Jiji la Lwangu halikupenda neno kutapika. Lwangu, lililokaa chini ya mlima kwenye njia kuu ya kusafirishia shaba, lilipenda maneno yaliyovaa tai. Lilikuwa limeahidi malori ya umeme tangu bibi yake Tusekile akiwa kigori. Liliposhindwa kuyapandisha mlimani na mzigo wake, likageuza mdomo na kusema dizeli safi ndiyo hasa liliyokuwa likiitaka siku zote. Na kila mwaka lilifanya Siku ya Leso. Mkuu wa Mamlaka ya Anga, Daktari Mwalupindi, alisimama uwanjani kwa suti nyeupe, akaziba bomba la lori kwa leso nyeupe, injini ikanguruma, kisha akaikunjua leso, akawaonyesha watu, akajifutia uso. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Watu wazima, wenye wajukuu, walitokwa machozi kwa sababu mwanamume mmoja mnene amejifuta jasho.

Tusekile naye alikuwa na fungu lake katika makofi hayo. Mamlaka ilipouliza lori litajuaje mahali pasipo na watu pa kujisafishia, yeye ndiye aliyejibu. Alibuni jicho-joto, kioo kidogo juu ya kibanda cha lori kinachoona joto kama sisi tunavyoona rangi. Wenzake walitaka jicho litafute joto la miili. Tusekile aliwaonyesha kwamba mbuzi wana joto, ng'ombe wana joto, na mlima umejaa ngedere. Lori lingezunguka hadi injini iungue bila kupata mahali. "Tafuteni meko," aliwaambia. "Ngedere hawapiki. Mtu ni mnyama anayepika." Mahali ambapo jicho halioni jiko hata moja lililowaka asubuhi wala jioni, siku nenda siku rudi, pangehesabiwa kuwa eneo tupu.

Waliipenda sentensi ile. Waliichonga kwa herufi za shaba ukutani mwa Mamlaka, na watoto wa shule wakaikariri. Hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Lakini asubuhi hii Tusekile alikunywa chai yake bila kuionja. Jioni iliyopita simu ilikuwa imeleta sauti ya shangazi yake, Sekela, aliyemlea kule Ng'olela, kijiji kilichojishikiza kwenye kona za juu za mlima.

"Tuse," sauti ilisema, "mume wangu tumemzika. Nilikwambia anaumwa kifua, ukasema una kikao. Sikulaumu, vikao navyo vinataka watu. Ila malori yako yanatutapikia mlangoni. Njoo uyaambie. Wewe ndiye unayejua lugha yao." Kisha kikafuata kikohozi kirefu, na simu ikakatika katikati yake.

"Nipitishe ofisini kwanza," alimwambia Lugano. "Halafu twende wote juu."

Daktari Mwalupindi alikuwa anajaribishiwa suti mpya ya Siku ya Leso. Alimsikiliza Tusekile mikono ikiwa imeinuliwa, fundi akimzungushia futi kiunoni, na futi ikimwishia njiani.

"Ng'olela?" alisema. Aliashiria kwa kidevu ramani kubwa iliyong'aa ukutani. Kila jiko la mkoa lilikuwa nukta nyekundu. Kwenye kona za juu za mlima palikuwa peusi tititi. "Hapo pako tupu, injinia."

"Shangazi yangu anakaa hapo, Daktari."

"Kwa mujibu wa jicho lako mwenyewe, hakai."

"Alinipigia simu jana."

"Kutoka wapi? Watu wa milimani hawatulii, leo hapa kesho kule." Aliwatazama wasaidizi wake wawili, nao wakacheka mara moja, kama taa zinazowashwa na swichi moja. "Nikuulize, mama. Nimwamini shangazi au nikuamini wewe? Maana jicho ni wewe. Ukisema jicho halioni, basi hata zile herufi pale mlangoni tuzing'oe."

"Kafiwa na mumewe kwa kifua."

"Pole sana. Wazee hufa." Aligeuka ili fundi ampime mgongo. "Nenda kazike, injinia. Lakini Siku ya Leso uwepo. Mwaka huu wewe ndiye utakayenikabidhi leso. Ni heshima kubwa hiyo."

Tusekile alitoka ameinamisha kichwa. Kilichomuuma si ule upuuzi peke yake. Kilichomuuma ni kwamba, alipoitazama ramani, yeye pia kwa dakika moja alijiuliza kama kweli shangazi yuko pale.

Mlangoni, mhudumu wa mapokezi, mama mtu mzima aitwaye Nsajigwa, alimwangalia suruali yake ya ofisi, akaingia chini ya meza na kuibuka na kanga. "Vaa hii, mwanangu. Msibani hakuendwi hivyo." Ilikuwa ndiyo anayojifunika miguu wakati wa baridi. Aliitoa doti nzima bila kuuliza itarudi lini.

Lori lilipanda mlima bila haraka, usukani ukijizungusha. Lugano alikuwa na mazoea ya kulala sehemu hiyo, na hata sasa macho yake yalianza kulegea. Juu kabisa, sauti laini ya kike ikasema ndani ya kibanda, "Sega limejaa. Natafuta eneo tupu."

"Litapata hapo mbele," Lugano alisema akipiga mwayo. "Siku hizi yote yanatapikia hapo hapo. Mimi huwa nafunga vioo tu nalala."

Lori lilikunja kona, likapunguza mwendo, likasimama. Mbele yake kulikuwa na lori jingine limesimama, na mbele ya hilo jingine. Tusekile akatazama nje na kuona nyumba ya shangazi yake.

Aliona mlango wa bluu alioupaka mwenyewe akiwa msichana. Aliona mikeka imetandikwa mbele ya nyumba, na watu wamekaa, wanawake upande huu na wanaume upande ule.

"Eneo tupu limepatikana," ilisema sauti. "Naanza kujisafisha. Tafadhali funga vioo."

"Lugano, kuna watu!"

Lugano aliamka kabisa. Alivuta wenzo mwekundu wa dharura kwa mikono miwili.

"Hakuna meko," sauti ilijibu kwa adabu. "Hakuna watu."

Tusekile aliruka chini. Upepo wa moto ulimkuta usoni na harufu ya nywele zilizoungua. Jivu likamwagika juu ya mapaa, juu ya migomba, juu ya mikeka, taratibu, kama unga unaochekechwa na mtu asiye na haraka. Alitegemea watu wataruka na kukimbia. Hakuna aliyeruka. Wanawake waliinua kanga zao kwa pamoja wakajifunika vichwa, na wale waliokuwa karibu na sufuria za chakula walilala kifudifudi juu ya vifuniko, wakisubiri. Walikuwa wamezoea. Hilo ndilo lililomkata maini.

"Funika kichwa, injinia!" ilisema sauti kutoka chini ya kanga moja. "Hilo hupenda sana wageni."

Lugano naye alishuka, na lori lilipomaliza lilishukuru kwa ushirikiano, likaondoka polepole nyuma ya yale mawili kutafuta mahali pa kugeuzia. Shangazi Sekela akafunua uso. Alikuwa amekonda, na mashavu yake yalikuwa ya rangi ya kijivu, na macho yake yalikuwa yale yale ya kuchokoza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kutuona au kutupima?"

"Nimekuja, shangazi. Pole. Pole sana."

"Nimeshapoa. Kaa. Huyo mkwe naona lori limemkimbia, naye akae. Mkwe, wewe si ndiye yule anayepitaga hapa amelala, mdomo wazi?"

Lugano alitazama chini. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Unakoroma vizuri. Hata moshi hauzibi."

Watu walicheka, kisha wakakohoa, mmoja baada ya mwingine, mkeka mzima. Kikohozi kilipopita, wanawake wa ng'ambo ya bonde walianza kugawa chakula. Walikuwa wamekibeba vichwani tangu alfajiri, wakishuka bonde na kupanda tena, ugali na maharage ndani ya sufuria zilizofunikwa na kufungwa kwa nguo. Kabla ya kufunua kila sufuria, walifuta jivu juu ya kifuniko kwa pindo za kanga zao wenyewe, pole pole, wakizungusha, lisije likadondokea chakula cha waliofiwa. Walifuta tu, sufuria moja baada ya nyingine, na pindo zao zilikuwa nyeusi kama vyungu.

Tusekile aliwatazama, akageuza macho polepole kwenye jiko la shangazi. Mafiga matatu. Katikati jivu la zamani, lililosawazishwa kwa kiganja.

Hapo akajua.

Ng'olela mtu akifa, ukoo wote huzima moto. Kila nyumba husawazisha jivu la jiko lake kwa kiganja, na hapapikwi tena hadi msiba uhitimishwe. Watu wa ng'ambo ndio huwalisha, na siku ya mwisho ndio huleta kaa la moto mpya. Yeye mwenyewe, alipokuwa msichana, alibeba kaa hilo kwenye chungu siku ya kuhitimisha msiba wa kule ng'ambo, akilipuliza njia nzima lisizimike. Alikua akiyajua hayo kama anavyojua jina lake. Kisha akaenda kusoma, akajifunza Lwangu, na jicho likajifunza kwake.

"Alianza nani, shangazi?" aliuliza, ingawa hakutaka kujibiwa.

"Alianza mzee Ambokile. Yule alikufa kifo chake, alikuwa amechoka. Tukazima moto. Malori yakaja. Msiba haujaisha, akafa kitoto cha Tumpe, kifua. Hatukuweza kuwasha. Malori yakaongezeka. Halafu mume wangu." Alifuta mdomo. "Jiko hili halijawaka tangu mavuno. Mimi nilidhani malori yako yana roho mbaya, yanafuata wafiwa. Wengine wakasema ni mashetani. Nikasema hapana, Tuse ndiye anayeyafundisha, na Tuse nimemlea mimi."

Tusekile alishika mkono wake. "Shangazi, washeni moto. Jiko moja tu. Jicho likiona jiko kila siku, yatapita."

Shangazi aliuchomoa mkono wake.

"Mume wangu ana siku ngapi chini?" aliuliza Shangazi Sekela taratibu.

"Najua, lakini..."

"Hujui. Ungejua usingesema. Unataka niuvunje msiba wa mume wangu ili gari linione? Huyo mkubwa wako wa leso, mama yake akifa, yeye huuliza malori kwanza? Mimi sipiki, Tuse. Lori likikosa adabu, aitwe aliyelizaa alifunze."

Alikohoa tena, na safari hii kikohozi kilimkunja hadi paji la uso likagusa mkeka. Mwanamke wa ng'ambo alimshika mgongo bila kuambiwa. Shangazi alipoinuka, kulikuwa na doa jeusi kwenye kiganja chake, na halikuwa jivu la nje.

Kona ya juu, malori mengine matatu yalionekana yakipunguza mwendo.

Tusekile alitoa mfukoni kishikwambi chake cha kazi. Yeye ndiye aliyelizaa jicho, na bado alikuwa na ufunguo wake. Aliifungua sheria ya jicho, ile ya meko iliyochongwa kwa shaba, akaifuta yote. Mahali pake akaandika kwamba kila chenye damu ya moto kihesabiwe kuwa mtu. Mbuzi, ng'ombe, ngedere, na aliyekaa kwenye mkeka.

Lugano alichungulia begani kwake. "Basi hapatakuwa na mahali tupu mlima mzima."

"Hapajawahi kuwapo."

"Yatatapikia wapi?"

"Yatashuka nayo tumboni. Sega likijaa pomoni, hujichoma popote lilipo ili injini isiungue. Yatakuwa yamefika mjini."

Lugano alifikiri. "Lwangu nako kuna watu, Tuse. Wengine hawana kosa."

"Wana madirisha ya kufunga. Na wao wakikohoa, Daktari atasikia. Kuna tanuri za kuchomea masega zilizofungwa, zisizotoa jivu. Nilizichora zamani, akasema zinaharibu mandhari ya jiji." Akabonyeza.

Malori matatu yalifika mbele ya mlango wa bluu. Yalisita. Kisha sauti laini ya kike ikasikika kutoka la kwanza, "Watu wapo. Napita," na la pili likasema hivyo hivyo, na la tatu. Yakapita.

Mikekani hakuna aliyeshangilia. Shangazi Sekela aliyasindikiza kwa macho, akasema, "Marahaba."

Kesho yake, Siku ya Leso, uwanja ulijaa pomoni. Tusekile alimkabidhi Daktari Mwalupindi leso, na, ili kumtendea haki, alimnong'oneza, "Usilizibe, Daktari. Lori hili limeshuka mlimani sasa hivi." Daktari alitabasamu kwa ajili ya kamera na kumsukuma kando kwa kiwiko. Alizungumza kwanza. Alisema Lwangu ni pafu la bara. Alisema mataifa yanakuja kujifunza. Alisema mtu ni mnyama anayepika, na akatulia ili apigiwe makofi kwa sentensi ya mwingine. Kisha akaishika leso mbele ya bomba kwa vidole viwili.

"Sega limejaa pomoni," ilisema sauti laini kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja. "Hakuna eneo tupu. Naanza kujisafisha. Tafadhali funga vioo."

Uwanja haukuwa na vioo.

Daktari alirushwa nyuma hatua kadhaa akakaa chini kwa kishindo. Hakuumia, ila suti ilibadilika rangi kutoka kola hadi pindo. Jivu liliwaangukia wageni rasmi, keki, na bendi. Daktari aliokota kipaza sauti na kutangaza kwamba ni ukungu, ukungu wa kawaida wa msimu.

"Ukungu gani unaowasha macho, baba?" mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka jukwaani. "Unatufanya watoto?"

Naye Daktari, kwa mazoea ya miaka mingi, akainua leso akajifuta uso. Picha hiyo ilizunguka bara zima. Mataifa, ni kweli, yalijifunza.

Watu wa Lwangu walikohoa kwa wiki mbili tu, na katika wiki hizo mbili walifanya maandamano, walishtaki, waliita mbingu zishuhudie. Tanuri zilizokuwa zinaharibu mandhari zikajengwa zote mara moja, na mandhari haikulalamika. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya kitoto cha Tumpe. Herufi za shaba zilitolewa ukutani, na Tusekile akatolewa kazini, kwa kosa, barua ilisema, la kuwahesabu ngedere. Nsajigwa wa mapokezi ndiye pekee aliyesimama alipokuwa akitoka. Tusekile alimrudishia kanga yake, imefuliwa. "Kaa nayo," alisema Nsajigwa. "Bado una watu juu."

Alikwenda nayo siku ya kuwasha moto mpya. Watu wa ng'ambo walileta kaa ndani ya chungu, na jiko la Shangazi Sekela likashika mara moja, kama lililokuwa likingoja. Lugano aliteleka birika bila kuagizwa. Maji yalipochemka kifuniko kikaanza kugonga, tiki, tiki, naye akakishika kwa kitambaa.

"Kiache," alisema shangazi kutoka mkekani. Sasa alilala zaidi kuliko alivyokaa. Daktari wa zahanati, kijana msema kweli, alikuwa amemwambia Tusekile kwamba pafu halina tanuri la kulichomea masizi, kilichoingia kimeingia. "Kiache kigonge, mkwe. Siku nyingi sijakisikia."

Walikunywa chai. Barabarani lori lilikunja kona, likasema kwamba watu wapo, likapita.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia shangazi, na akacheka hadi ikabidi ashikwe mgongo.

Jua liliposogea, Tusekile alijifunga kanga vizuri na kuinama kuaga. Shangazi alimshika mkono, akaung'ang'ania kwa nguvu ambazo mwili wake haukuonekana kuwa nazo.

"Njoo tena, Tuse," alisema. "Usingoje mpaka moto uzimwe."